Barakoa ya Kidevuni

Desemba 2020 nilipanda matatu kutoka Nairobi kwenda Mwingi kumwona nyanya. Tulikuwa abiria wanane kwenye gari la watu kumi na wanne, na kila mmoja alikuwa na barakoa. Yangu ilikuwa kidevuni. Ya mama aliyekaa kando yangu ilining'inia kwenye sikio moja kama hereni. Dereva alikuwa ametundika yake kwenye kioo, pamoja na tasbihi. Kila tulipokaribia kizuizi cha barabarani kondakta aligonga bati na kusema, "Wazee, vaeni, karao hao," nasi tukavaa. Polisi alichungulia, akapitisha macho kwenye nyuso zetu, akatupungia mkono tupite. Hata gari halijaingia gia ya tatu, barakoa zote zilikuwa zimeshuka tena.

Nilipofika kwa nyanya niliivua nikaitia mfukoni. Nyumbani hakuna polisi. Tulikula muthokoi tukiwa tumekaa bega kwa bega, kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii vizuri na lazima umwegemee ukizungumza naye. Nilizungumza naye siku tatu.

Wiki ya pili ya Januari mjomba alipiga simu kusema nyanya anakohoa na hataki kula. Alikohoa siku kumi na tisa. Hakupimwa, kupima kulimaanisha safari, na safari angeimaliza akiwa mgonjwa zaidi. Alipona. Mimi sikuwa nimekohoa hata mara moja, na nilijiambia kwamba hilo linanitoa kwenye orodha, ingawa kufikia wakati ule kila mtu aliyekuwa na redio alijua kwamba mtu anaweza kubeba virusi bila kuugua.

Katika zile siku kumi na tisa ndipo nilipoanza kusoma kuhusu barakoa za zamani. Sidai kwamba ni utafiti. Mtu akingoja simu usiku husoma chochote. Lakini kulikuwa na jambo moja lililonikera: katika safari nzima ya kwenda Mwingi, mtu pekee niliyemvalia barakoa alikuwa askari, naye hakuwa hata ndani ya gari.

Neno lenyewe lina umri kuliko korona. Kabla ya 2020 wengi wetu wa bara hatukuwa tukilitumia. Lilikuwa la pwani, jina la kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa jamaa ya kisultani Unguja na wanawake wa Oman. Bi Salme binti Said, aliyetoroka Unguja na kuwa Emily Ruete huko Ujerumani, aliiandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Barakoa hiyo ilihusu heshima na macho ya watu, haikuhusu pumzi. Tulipohitaji jina la kitambaa cha kuzuia mate tuliliazima lile, na nadhani tuliazima pia kitu kidogo cha maana yake ya zamani, yaani kitu kinachovaliwa kwa sababu ya anayekutazama.

Mji ulionishika zaidi katika kusoma kwangu ulikuwa San Francisco.

Homa ya 1918 ilifika huko mwishoni mwa Septemba. Ofisa wa afya wa jiji, Dkt. William Hassler, mwanzoni hakuwa na wasiwasi mkubwa. Kufikia katikati ya Oktoba wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu. Shule, makanisa na kumbi za sinema zilifungwa, na mwishoni mwa mwezi baraza la jiji likapitisha sheria iliyotiwa saini na Meya James Rolph: kila mtu avae barakoa ya shashi hadharani na popote wanapokutana watu wawili au zaidi, isipokuwa wakati wa kula au akiwa nyumbani kwake. Asiyevaa angetozwa faini ya kuanzia dola 5, au kufungwa siku kumi. Msalaba Mwekundu uliuza barakoa kwa senti 10.

Ninachoona muhimu ni sababu waliyopewa watu. Marekani ilikuwa vitani Ulaya, na Wamarekani wa wakati huo walikuwa na neno la dharau kwa kijana aliyekwepa jeshi. Tuseme mtegaji. Msalaba Mwekundu ulilichukua neno hilo ukaliweka kwenye tangazo la barakoa: mwanamume, mwanamke au mtoto asiyevaa ni mtegaji, tena wa hatari. Kwa hiyo barakoa ikawa sare. Ukiivaa uko jeshini, usipoivaa umewasaliti vijana walioko kwenye mahandaki Ufaransa. Tangazo jingine, lililobeba jina la meya, liliahidi kwamba shashi inazuia homa kwa asilimia 99. Msomaji wa leo anaweza kukisia kilichotokea kwa ahadi hiyo.

Nakiri kwamba neno mtegaji linanitia baridi kidogo, kwa sababu kwetu kumbukumbu ya vita vilevile ni Kariokor, mtaa na soko la Nairobi lililobeba jina la kikosi cha wapagazi, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wanaume waliandikishwa kwa nguvu kubeba mizigo ya Waingereza, na maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa maradhi kuliko risasi. Aliyekimbia kuandikishwa alikuwa, kwa lugha ya tangazo lile, mtegaji. Homa yenyewe ilishuka Mombasa kwa meli mwezi Septemba mwaka huohuo, kabla wapagazi hawajarudi makwao. Kwa hiyo nikiambiwa wajibu wa mtu binafsi kwa sauti ya jeshi, kuna sehemu ndani yangu inayotafuta mlango wa nyuma.

Turudi San Francisco. Watu walivaa, wengi wao. Waliokataa walikamatwa kwa mamia, na wengi waliishia kulipa dola 5. (Dola 5 ni faini yenye historia. Mchungaji Henning Jacobson wa Cambridge, Massachusetts, alitozwa kiasi hichohicho kwa kukataa chanjo ya ndui, na kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1905 majaji saba dhidi ya wawili walisema serikali inaweza kumlazimisha mtu kwa ajili ya afya ya wote.) Tarehe 28 Oktoba, kwenye kona ya Powell na Market, mhunzi mmoja alikuwa akiwahimiza wapita njia watupe barakoa zao. Mkaguzi wa afya alimwamuru avae yake. Wakashikana, mhunzi akampiga kwa mfuko wa sarafu, mkaguzi akatoa bastola akafyatua. Mhunzi alijeruhiwa, na watu wengine wawili waliokuwa wamesimama tu pale. Wote watatu walipigwa risasi na ofisi iliyokuwa inawalinda dhidi ya homa.

Mkenya akisoma hapo hahitaji kufafanuliwa. Tarehe 30 Machi 2020, siku chache baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, usiku ambao polisi walikuwa wakisimamia kafyu. Kesi yake haikuhusu barakoa. Lakini Aprili, kanuni za barakoa zilipotangazwa na faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita, zilitua juu ya kumbukumbu hiyo, zikiwa mikononi mwa polisi walewale. Shilingi 20,000! Kwa watu niliokuwa nao kwenye ile matatu, hiyo ilikuwa mshahara wa mwezi na ushei. Sheria ya namna hiyo inakufundisha kupima hatari moja tu, nayo ni ile yenye kofia ya buluu.

Tarehe 11 Novemba 1918 vita viliisha. Picha za siku hiyo zinaonyesha San Francisco ikisherehekea barabarani, umati mzima umevaa barakoa, tukio ambalo ama ni la utii wa ajabu ama ni la kuchekesha, sijaamua. Siku chache baadaye kulikuwa na pambano la ndondi. Mpigapicha alifyatua taa yake, na picha ilipotoka, humo mlikuwamo Meya Rolph na Dkt. Hassler wakiwa uso wazi. Meya alitozwa dola 50 na mkuu wake mwenyewe wa polisi. Daktari alitozwa 5. Tarehe 21 Novemba, saa sita adhuhuri, king'ora kililia jiji zima na watu wakavua barakoa palepale walipokuwa. Njia za miguu zilijaa shashi.

Ugonjwa ulirudi Desemba, na Hassler akataka barakoa zirudi pia. Hapo ndipo palipo na funzo la kihistoria ninaloliamini, ingawa vitabu huwa na haraka ya kukimbilia kwenye kituko kilichofuata. Novemba kulikuwa na vita, sasa hakuna. Huwezi kumwita mtu mtegaji wa vita vilivyokwisha. Ahadi ya asilimia 99 nayo ilikuwa imezikwa pamoja na watu walioivaa barakoa yao vizuri wakafa. Meya alishaonekana kwenye ndondi. Amri ilirudishwa tarehe 17 Januari 1919, na safari hii ilikuwa amri tupu. Haikuwa na sababu ndani yake, kwa kuwa sababu ya kwanza ilikuwa ya kukodi na mwenyewe alikuwa ameichukua.

Kituko chenyewe ni Umoja wa Kupinga Barakoa. Tarehe 25 Januari watu zaidi ya elfu mbili walijaa kwenye ukumbi wa Dreamland Rink, mwenyekiti wao akiwa Bi E. C. Harrington, mwanasheria aliyekuwa amepigania haki ya wanawake kupiga kura. Inafurahisha kuwacheka. Lakini humo ukumbini walikuwamo madaktari na watu waliojali uhuru wa raia, na si hoja zao zote zilizokuwa za kipumbavu. W. H. Kellogg wa bodi ya afya ya jimbo la California alikuja kuzipima barakoa za shashi maabara, na mwaka 1920 akachapisha matokeo: shashi iliyokuwa nzito kiasi cha kufaa ilikuwa ngumu kupumulia, hewa ikapita kandokando, na kulazimisha mji mzima hakukuzuia homa kama ilivyotarajiwa. Amri iliondolewa tarehe 1 Februari. Kufikia mwisho wa msimu ule zaidi ya watu 3,000 wa San Francisco walikuwa wamekufa.

Kuna kisa kimoja cha nyuma kidogo ambacho hakina faini ndani yake, na ndicho nilichokisoma mara nyingi zaidi.

Majira ya baridi ya 1910 tauni ya mapafu ilizuka Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Serikali ilimtuma Harbin Dkt. Wu Lien-teh, kijana wa miaka 31 mzaliwa wa Penang, aliyesomea udaktari Cambridge ya Uingereza. Wakati huo wataalamu waliamini tauni hutoka kwa panya na viroboto. Wu alipasua maiti moja kwa siri, akaona mapafu, akasema ugonjwa huu unatoka mdomoni mwa mtu kwenda puani mwa mwingine. Akatengeneza barakoa ya shashi na pamba, akawataka madaktari na wauguzi wote waivae.

Dkt. Gérald Mesny, Mfaransa, alikuwa mkubwa kwake kwa umri na cheo. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Wu, alikasirika na kumtolea maneno ya kibaguzi: Mchina amfundishe yeye tauni? Akaenda kwenye hospitali ya Warusi, akawainamia wagonjwa uso wazi. Siku chache baadaye, tarehe 11 Januari 1911, akafa. Baada ya hapo, huko Harbin, hakuna aliyehitaji kuhubiriwa.

Nisidanganye kwamba mji ule uliponywa kwa hiari. Wu alikuwa na askari, alifunga mitaa, aliwatenga watu ndani ya mabehewa ya treni, na alipata kibali cha mfalme kuchoma maiti zaidi ya elfu mbili ambazo ardhi iliyoganda ilikataa kuzipokea. Takriban watu 60,000 walikufa Manchuria nzima. Hata hivyo, watu walijua barakoa ilikuwa kati yao na nini. Walimjua mtu aliyeikataa na walijua alivyokwisha.

Sisi hatukumjua mtu wa namna hiyo, au tulimjua na hatukuambiwa alikufa kwa nini. Barabara ya Mwingi tulichokijua ni kizuizi.

Nyanya anaendelea vizuri. Nilipomtembelea tena, Agosti 2021, nilikuwa nimeivaa tangu Nairobi na sikuishusha hata kwenye gari, jambo lililomfanya kondakta aniulize kama naumwa. Nyanya alikuwa ameweka kiti kimoja cha plastiki uwanjani, mbali na chake. Akanielekeza nikae pale. Nikamwambia kwa mbali vile hatanisikia.

"Piga kelele," akasema.

Nikapiga kelele mchana kutwa, majirani wakijua habari zangu zote: kazi, mishahara iliyochelewa, na kwa nini sijaoa. Kuhusu Januari hatukuzungumza.

Amri ya kuvaa barakoa hadharani Kenya iliondolewa tarehe 11 Machi 2022. Siku hiyo nilikuwa kwenye matatu. Tangazo lilisomwa redioni, kondakta akaongeza sauti kidogo, halafu akabadilisha stesheni. Hakuna aliyevua kitu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amevaa.