Mzazi Nje ya Lango: Nafasi ya Wazazi katika Maandalizi ya Mtihani wa Kidato cha Nne Tanzania Bara, 1925–2018

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa kuwa mabaya, sababu moja haikosi kutajwa: wazazi hawana mwamko wa elimu. Kauli hiyo hutolewa na viongozi jukwaani, hurudiwa na walimu wakuu katika vikao vya bodi, na imepenya hata katika tasnifu, ambamo huwekwa miongoni mwa matokeo ya utafiti kana kwamba imethibitishwa. Makala hii inaitazama kama dai la kihistoria linalostahili kuhojiwa. Hoja inayojengwa ni kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mfumo wa shule za sekondari ulimweka mzazi mbali na mtihani kwa makusudi, na kwamba kazi ya kumsaidia kijana nyumbani katika masomo ya mtihani ni kazi mpya, iliyoanza kwa upana katikati ya miaka ya 2000. Waliokabidhiwa kazi hiyo walikuwa wazazi ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasa la sekondari.

Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa kiume wa watemi na machifu, ilikuwa shule ya bweni. Umbali kutoka nyumbani ulikuwa sehemu ya malezi yenyewe: kijana alitakiwa kutoka akiwa mtu mwingine, mwenye nidhamu, lugha na mavazi ya utawala. Shule za misheni kama Pugu na Minaki zilikuwa na madhumuni tofauti ya kidini, lakini kwa jambo hili zilifanana na Tabora. Mzazi alimtoa mtoto, akampokea wakati wa likizo, akamrudisha. Mtihani wa mwisho ulitungwa na kusahihishwa Cambridge. Hakukuwa na hatua yoyote, kuanzia mtaala hadi cheti, ambayo mkulima wa Unyamwezi au mfugaji wa Mara angeweza kuitolea maoni.

Uhuru ulibadilisha mengi, si hilo. Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu wa sekondari, na kati yao 176 walikuwa kidato cha sita. Kwa nchi yenye uhaba wa wasomi kiasi hicho, mwanafunzi wa sekondari alikuwa mali ya taifa kabla hajawa mwana wa fulani. Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 1964. Vijana walipangiwa shule mikoa ya mbali ili makabila yachanganyike, wakasafiri kwa waranti ya serikali, wakala chakula cha serikali. Usimamizi wa mitihani ulihamia Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki na kisha Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria mwaka 1973. Mchango wa mzazi katika utaratibu huo ulikuwa sanduku, shuka, fedha kidogo ya matumizi na barua za mara chache. Asiyeandika barua hakuonekana mzembe, kwa kuwa hapakuwa na aliyemdai zaidi ya hapo.

Mwalimu Nyerere alikuwa ameona tatizo la karibu na hili. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, alilalamika kwamba shule ziliwafundisha vijana kudhani kuwa ujuzi wenye thamani unapatikana vitabuni na kwa wasomi peke yao, huku maarifa ya wazee wao yakidharauliwa. Aliishutumu pia mitihani kwa kupima kumbukumbu kuliko akili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilijaribu kurekebisha hali hiyo, na kuanzia mwaka 1976 alama za kazi za mwanafunzi shuleni, pamoja na mwenendo wake, zikaanza kuhesabiwa katika matokeo ya mwisho. Inafaa kuangalia ni nani aliyepewa mamlaka ya kutoa alama hizo. Ni mwalimu. Sera iliyozungumza sana juu ya kuunganisha shule na jamii haikumpa mzazi nafasi yoyote katika kupima maendeleo ya mwanawe.

Je, wazazi walikaa kimya kwa kutojali? Ushahidi unaelekea upande mwingine. Umoja wa wazazi uliojulikana kwa kifupi TAPA, ulioanzishwa enzi za kudai uhuru na kushirikiana na TANU, uliendesha shule ambazo serikali ya kikoloni haikutaka au haikuweza kuzijenga, na mrithi wake, Jumuiya ya Wazazi, alikuja kumiliki shule za sekondari. Kilimanjaro, ambako fedha za kahawa, makanisa na vyama vya ushirika vilikutana, wananchi walijenga sekondari nyingi kuliko mgawo wa serikali ulivyoruhusu. Njombe walifanya vivyo hivyo kupitia mfuko wa maendeleo wa wilaya. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 idadi ya sekondari zisizo za serikali ilikuwa imezipita za serikali, jambo la kushangaza kwa nchi iliyokuwa bado ikijitangaza kuwa ya kijamaa. Joel Samoff, aliyelichunguza suala hili wakati huohuo, alilitazama kwa jicho la siasa na matabaka. Kwa makala hii jambo la msingi ni dogo zaidi: wazazi hao walibeba mawe na kuchanga fedha, wakaishia mlangoni mwa darasa. Mwamko ulikuwapo, ulikuwa wa kujenga, kwa sababu kujenga ndiko walikoruhusiwa.

Hapa ndipo hesabu ya vizazi inapokuwa muhimu. Mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza wakati wa kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, iliyofikia kilele mwaka 1977, alimaliza darasa la saba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nafasi za sekondari zilikuwa zimebanwa kwa makusudi, kwa kuwa serikali iliamua kutumia fedha chache ilizokuwa nazo kwa elimu ya msingi. Hata mmoja kati ya wahitimu kumi hakupata nafasi. Waliobaki waliambiwa kwamba elimu yao imekamilika, wakarudi shambani au wakaenda mjini, wakaoa na kuolewa. Watoto wao ndio waliojaza shule za kata.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, na kuanzia mwaka 2006 kila kata ilihimizwa kuwa na sekondari yake. Ifikapo 2010 nchi ilikuwa na sekondari zaidi ya 4,000, wakati miaka saba kabla zilikuwa takriban 1,000. Mijadala mingi kuhusu upanuzi huo imejikita katika upungufu wa walimu na maabara, na ni haki. Lakini kuna badiliko jingine ambalo halikupewa uzito: shule hizi zilikuwa za kutwa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, idadi kubwa ya watahiniwa wa kidato cha nne walilala nyumbani kwao. Saa za jioni za kujisomea, ambazo bwenini zilisimamiwa kwa kengele, taa na mwalimu wa zamu, zilihamia kwenye nyumba yenye koroboi moja. Hakuna waraka uliotangaza uhamisho huo. Ulitokea tu, kisha mzazi akaanza kulaumiwa kwa kutousimamia.

Kikwazo kikubwa kuliko koroboi kilikuwa lugha. Mzazi wa kizazi cha 1977 alisoma kwa Kiswahili kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, na aliweza kusoma gazeti, barua na risiti ya ushirika. Daftari la Biolojia la mwanawe lilikuwa la Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, serikali haikukubali. Miaka miwili baadaye uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Wanaisimu wameueleza vema uamuzi huo kwa upande wa mwanafunzi. Kwa upande wa mzazi, athari yake ilikuwa kumfanya mtu anayejua kusoma awe sawa na asiyejua mara mtoto anapofungua daftari. Hawezi kumwuliza maswali, hawezi kumsikiliza akirudia somo, hawezi kutambua kwamba kilichonakiliwa hakikueleweka. Somo la Kiswahili peke yake ndilo lililobaki wazi kwake.

Matokeo ya mtihani wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na Mei mwaka huo serikali ikayafuta matokeo na kuyapanga upya. Katika mjadala uliofuata wazazi walitajwa sana kama wakosaji na kidogo sana kama mashahidi.

Ukiacha lawama na kutazama walichofanya, picha ni nyingine. Palipo na shule ya mbali, wazazi waliwapangia watoto vyumba vya kuishi karibu nayo, maarufu kama mageto, uamuzi uliookoa muda wa kutembea lakini ukawaacha wasichana, hasa, bila mtu mzima wa kuwalinda. Wengine walilipia twisheni, ambayo mara nyingine ilifundishwa na mwalimu yuleyule wa asubuhi. Walichanga mahindi na maharage kwa ajili ya kambi za masomo za watahiniwa, kambi ambazo kwa kweli zilikuwa jaribio la kurudisha bweni kwa miezi michache. Msaada uliogharimu kaya kuliko wote ni ule usioonekana kirahisi: kumwondolea kijana kazi. Mtihani umekuwa ukifanyika Oktoba na baadaye Novemba, na katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua huo ndio wakati wa kutayarisha mashamba. Familia iliyomruhusu mtahiniwa akae na vitabu ilipunguza nguvukazi yake msimu unapoanza. Kwa msichana punguzo hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa maji, kuni na jiko havina msimu. Aliyemwacha asome alilazimika kuvibeba mwenyewe, na mara nyingi aliyevibeba alikuwa mama yake.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka katika sekondari za serikali za kutwa, kuanzia Januari 2016. Waraka Na. 3 wa 2016 ukafafanua kwamba sare, madaftari, matibabu na chakula cha wanafunzi wa kutwa vitabaki kuwa jukumu la wazazi. Mitaani yaliyosikika ni maneno mawili: elimu bure. Debe la mahindi, ambalo lilikuwa makubaliano ya kikao, likaanza kuonekana kama dai lisilo halali, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipokemea michango shuleni, walimu wakuu wengi waliona ni salama zaidi kutoitisha kikao chochote cha kuijadili. Chakula cha mchana kikakoma katika shule ambazo zilikitegemea. Pamoja nacho kilikoma kikao chenyewe, ambacho kwa mzazi asiyeweza kusoma daftari la mwanawe kilikuwa mahali pa pekee pa kumwuliza mwalimu, kwa Kiswahili, mtoto anaendeleaje.