Ndovu Sebuleni: Urais wa Ernesto Samper na Fedha za Cali

Zimo katika historia ya siasa kesi ambazo hukumu yake haikumaliza shauri. Mahakama hufunga jalada, wakili akakunja joho lake, mshtakiwa akarudi kwake. Lakini watu wakaendelea kuulizana lile lile waliloulizana siku ya kwanza. Kesi ya Ernesto Samper Pizano, aliyekuwa Rais wa Kolombia tangu mwaka 1994 hadi 1998, ni mojawapo. Swali lake ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: mtu akishika madaraka, kisha ikabainika kwamba wahalifu ndio walioigharamia safari yake, naye akasema hakuwa na habari, je, apimwe kwa alichokijua au kwa alichokipata?

Hapana budi kwanza tumfahamu mtu mwenyewe, maana hadithi hii huharibika ikisimuliwa kama kwamba Samper alikuwa mhuni aliyeotea kiti. Alikuwa mwanauchumi na mwanasheria, mwana wa Bogotá, na miongoni mwa vigogo wa Chama cha Liberali. Tarehe 3 Machi 1989, katika uwanja wa ndege wa Bogotá, alisimama kumwamkia José Antequera, kiongozi wa chama cha mrengo wa kushoto, ndipo wauaji walipofyatua risasi. Antequera alikufa. Samper alipigwa risasi kadhaa, akanusurika, na baadhi yake zilibaki mwilini mwake. Miezi mitano baadaye Luis Carlos Galán, Mliberali aliyetazamiwa na wengi kuwa rais, aliuawa jukwaani huko Soacha kwa sababu aliwapinga walanguzi wa dawa za kulevya. Kwa hiyo mwanasiasa wa Kolombia wa zama zile hakuhitaji kufundishwa kwamba walanguzi wana nguvu. Wengine walikuwa na ushahidi huo ndani ya miili yao.

Lakini nguvu hizo zilikuwa na sura mbili. Pablo Escobar wa Medellín alitumia mabomu na bastola. Alilipua ndege na majengo, akaua majaji, mpaka naye akauawa na vikosi vya serikali tarehe 2 Desemba 1993. Huko Cali ndugu wawili, Gilberto na Miguel Rodríguez Orejuela, walichagua njia nyingine. Kwao mauaji yalikuwepo, tena si haba, ila hawakupenda kelele. Walimiliki maduka ya dawa yaliyoenea nchi nzima, wakawa na mkono katika benki, redio na klabu ya mpira ya América de Cali. Gilberto aliitwa Mchezaji Sataranji, na lakabu hiyo ilimfaa. Ndugu hawa waliwafadhili hata waliomwinda Escobar. Waliona kwamba adui hupigwa vita, lakini mtawala hununuliwa; na wakati mzuri wa kumnunua ni kabla hajatawala, bado akipita mlango kwa mlango akiomba.

Wakati huo ulifika mwaka 1994. Duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais ilifanyika tarehe 29 Mei. Samper alipata kura asilimia 45.3, mpinzani wake Andrés Pastrana akapata karibu 45. Tofauti yao, katika nchi kubwa kama ile, haikufika kura 20,000. Hapakuwa na mshindi, na duru ya pili ilipangwa tarehe 19 Juni. Mambo yote yaliyofuata yana mzizi wake katika wiki hizo tatu. Hebu msomaji ajitie katika nafasi ya mweka hazina wa kampeni: kasha limekauka, matangazo ya televisheni yanadai, wakuu wa mikoa wanataka magari, fulana na posho za mawakala, na ushindi uko umbali wa shubiri moja. Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Katika saa kama hiyo, ajaye na mkono uliojaa haulizwi sana ametoka wapi.

Samper alishinda kwa tofauti ya takriban asilimia 2. Hata kabla hajaapishwa, kanda za simu zilitangazwa hadharani. Ndani yake zilisikika sauti za ndugu wa Cali wakizungumza na Alberto Giraldo, mwandishi wa habari aliyekuwa mjumbe wao, juu ya fedha za kupeleka katika kampeni. Pastrana alikuwa amekwisha kuzipata siku chache kabla ya kura, akamkabidhi Rais César Gaviria. Mwezi Agosti Mwendesha Mashtaka Mkuu, aliyekuwa karibu kuondoka kazini, aliona kuwa kanda hizo hazitoshi kufungua kesi. Jambo likaonekana limezikwa.

Aliyelifukua ni mrithi wake, Alfonso Valdivieso, binamu ya marehemu Galán. Polisi walikuwa wamepekua ofisi ya mhasibu wa genge la Cali, Mchile Guillermo Pallomari, wakakuta hundi na vitabu vya hesabu. Jalada lililotokana na upekuzi huo lilikuwa na nambari 8000, na tangu mwaka 1995 nambari hiyo ikawa jina la kashfa yote. Hundi hazina fadhila wala uadui; huonyesha jina la mtoaji na jina la mpokeaji. Wabunge, maseneta na hata Mkuu wa Sheria aliyetakiwa kusimamia nidhamu ya watumishi wa umma walifungwa kwa sababu ya karatasi hizo.

Mwezi Julai 1995 alikamatwa Santiago Medina, mweka hazina wa kampeni. Alieleza jinsi fedha taslimu zilivyosafirishwa kutoka Cali hadi Bogotá katika maboksi yaliyofungwa kwa karatasi za zawadi. Jumla yake ilitajwa kuwa takriban dola milioni 6. Mwezi Agosti zamu ilikuwa ya Fernando Botero Zea, aliyeiongoza kampeni na kisha kupewa Wizara ya Ulinzi. Ni mwana wa mchoraji mashuhuri Fernando Botero. Wakati huo huo ikachapishwa kanda nyingine, Samper mwenyewe akizungumza kwa mazoea na Elizabeth Montoya de Sarria, mwanamke aliyehusishwa na walanguzi. Mwezi Februari 1996 mwanamke huyo aliuawa kwa risasi jijini Bogotá.

Jibu la Rais lilikuwa kwamba kama fedha ziliingia, ziliingia nyuma ya mgongo wake. Askofu Mkuu wa Bogotá, Pedro Rubiano, alilijibu neno hilo kwa mfano: mtu ambaye ndovu ameingia nyumbani mwake, vipi asimwone? Mfano huo ulienea nchi nzima. Wachoraji wa vibonzo wakamchora ndovu nyuma ya Samper kila siku ya Mungu, na mpaka leo Mkolombia akisikia habari za ndovu sebuleni hahitaji kuelezwa zaidi.

Haki yataka tuuseme pia upande wa mshtakiwa. Mashahidi wakuu dhidi yake walikuwa watu waliokwisha kufungwa, na mfungwa ana sababu ya kusema yale yatakayompunguzia kifungo. Botero alimtetea Rais kwa miezi mingi, ndipo Januari 1996 akageuka na kusema kwamba Samper alijua. Zaidi ya hayo, ndugu wa Cali walikamatwa chini ya serikali ya Samper huyo huyo: Gilberto tarehe 9 Juni 1995, Miguel tarehe 6 Agosti. Watetezi wake waliuliza, na swali lao si la kupuuzwa, ni mdeni gani amtiaye pingu mdai wake? Wapinzani nao walijibu kwamba mtu anayeshukiwa ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kuonekana safi, tena mbele ya Washington. Hoja zote mbili zaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Tarehe 14 Februari 1996 Valdivieso alimshtaki Rais mbele ya Baraza la Wawakilishi la Kolombia, kwa makosa yakiwemo ya kuwezesha utajiri haramu, udanganyifu katika uchaguzi, kughushi nyaraka na kuficha uhalifu. Katiba ya nchi ile haimruhusu hakimu wa kawaida kumhukumu rais. Shauri lake huanzia kwa wabunge. Hapa ndipo lilipo tatizo la kesi nzima. Chama cha Rais kilikuwa na wingi wa viti, na baadhi ya wabunge walikuwa wenyewe wakichunguzwa katika jalada lile lile. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Tarehe 12 Juni 1996 wawakilishi 111 walipiga kura ya kulifunga shauri, 43 wakapinga. Kisheria Samper akawa huru, wala hakupata kuhukumiwa kwa jambo hilo. Baadaye Mahakama ya Juu iliwafungulia uchunguzi wabunge zaidi ya 100 kwa namna walivyopiga kura, lakini mwaka 1999 Mahakama ya Katiba ilikata kwamba mbunge hashtakiwi kwa kura yake. Uamuzi huo una mantiki: bunge linaloogopa mahakama kila linapopiga kura si bunge tena. Lakini mwananchi aliyetaka kujua ukweli aliona mlango wa mwisho ukifungwa.

Basi Samper alishinda? Alibaki ikulu, na alikuwa ametangaza mapema kwamba yupo na hapo hapo atabaki. Mwezi mmoja baada ya kura ile, Marekani ilimfutia viza. Mwezi Septemba makamu wake, Humberto de la Calle, akajiuzulu. Tarehe 30 Agosti 1996 waasi wa FARC waliivamia kambi ya Las Delicias, wakaua wanajeshi na kuwateka 60. Vita havikuanzishwa na kashfa, lakini dola ambayo mkuu wake alitumia siku zake kuhesabu kura za kujinusuru haikuwa na nguvu za kutosha kwa jambo jingine. Bunge lake lilipitisha sheria ya kutaifisha mali za walanguzi mwaka 1996, na Desemba 1997 likarudisha upelekaji wa raia wa Kolombia kushtakiwa nje, uliokatazwa na Katiba ya 1991. Mabadiliko hayo hayakugusa makosa ya nyuma. Hata hivyo ndugu wa Cali walipelekwa Marekani mwaka 2004 na 2005 kwa makosa yaliyodaiwa kutendwa baadaye, wakahukumiwa miaka 30 kila mmoja. Gilberto alifia gerezani mwaka 2022. Medina aliaga dunia mwaka 1999. Samper alipata kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ya Amerika Kusini tangu 2014 hadi 2017, na siku zote ameshikilia kwamba hakujua.

Yamkini tukilirudia swali tuliloanza nalo, tutaona kwamba Kolombia ilipoteza miaka miwili ikichimba ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Alijua au hakujua? Huko hakuna hakimu awezaye kufika akiwa na taa. Lakini fedha hazikai kichwani. Zilitoka Cali, zikafika Bogotá, zikanunua matangazo na fulana, nazo ziliweza kuhesabiwa. Sheria ya nchi iliweka ukomo wa gharama za kampeni, na hesabu zilizowasilishwa hazikuonyesha fedha hizo. Hili halikuhitaji moyo wa mtu kupasuliwa ili lithibitike. Anayegombea uongozi huitia saini hesabu yake, na saini hiyo ndiyo ahadi yake ya kwanza kwa wapiga kura. Kama aliandikiwa uongo akausaini bila kuusoma, amekwisha kuonyesha jinsi atakavyosoma bajeti ya taifa.

Wapiga kura zaidi ya milioni 7 walijitokeza tarehe 19 Juni 1994, wengi wao wakiwa watu wa kipato kidogo waliopanga foleni kwa hiari yao, kila mmoja akidhani sauti yake ni sawa na ya jirani yake. Hao hawakupata kuitwa kutoa ushahidi, wala hakuna aliyewauliza wameibiwa nini.