Chatu anapojivua gamba: usimvute, mpe maji

Hapa Mkuyuni, kama kwingine Usukumani, chatu si mgeni. Wayeye, chama cha jadi cha Wasukuma kinachojulikana kwa kufuga nyoka na kutibu walioumwa, hucheza naye ngomani. Sherehe kubwa ya ngoma, Bulabo, hufanyika Juni huko Bujora, Kisesa. Lakini Juni ni mwezi wa kiangazi pia, na hewa kavu humtesa chatu anayejivua gamba.

Dalili zake
Rangi ya ngozi hufifia na macho huwa na ukungu wa kibluu. Siku hizo haoni vizuri, hushtuka upesi na huweza kuuma. Asipelekwe ngomani, asilishwe, wala asishikwe bila sababu. Baadaye macho hung'aa tena, na siku chache zikipita gamba hutoka kuanzia mdomoni, likijipindua kama soksi.

Namna ya kumsaidia
Mwekee beseni la maji linalomtosha kujikunja, gunia lenye unyevu, na jiwe au gogo la kujikwaruzia. Banda lipitishe hewa. Likilowa kutwa, ngozi hupata vidonda.

Gamba likitoka vipande vipande
Mloweke kwa nusu saa katika maji ya uvuguvugu yasiyofunika kichwa chake, ukiwa karibu naye. Kisha mwache apite mwenyewe katikati ya taulo lililolowa. Usibandue kwa kucha wala koleo. Nyoka hana kope: jicho lake hulindwa na gamba angavu ambalo nalo hutoka. Ukilivuta kabla ya wakati, unaweza kumpofusha. Kwenye ncha ya mkia, gamba lililobaki hukaza, damu haifiki, na ncha hufa.

Kagua gamba lililotoka
Tafuta vifuniko vya macho yote mawili na ncha ya mkia. Kimoja kikikosekana baada ya kumloweka tena, au ukiona utitiri kwenye magamba, mwite daktari wa mifugo.

Tunakumbusha pia kwamba kufuga mnyamapori kunahitaji kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ukimkuta chatu kando ya ziwa au uani, usimkamate wala usimuue. Kaa mbali na uwaite maofisa wa wanyamapori.