Jina la Kununulia, Jina la Kutengenezea

Muuza vipuri hahitaji kujua menifoldi inafanya kazi gani ndipo akuuzie. Unamtajia gari, mwaka na jina la kifaa. Anapanda ngazi, anashusha boksi lenye vumbi, mnaanza kupatana bei. Jina limetimiza wajibu wake: limekitenga kifaa kimoja na vingine vilivyo rafuni. Liwe la Kiingereza, la Kihindi au la Kijapani, biashara itafanyika. Mambo hubadilika pale kifaa chenyewe kinapokuwa hakipo popote. Fundi aliyeamua kufunga tabo kwenye injini ya miaka ya sitini hana boksi la kushusha. Inambidi aketi na bamba la alumini, mabomba na tupa, atengeneze menifoldi ambayo kiwanda hakikuwahi kuitoa. Hapo neno "menifoldi" humwacha solemba. Halimwambii akate nini, apime nini, wala aogope nini.

Ndiyo maana nasema kuna majina ya kununulia na majina ya kutengenezea. Kiswahili cha gereji kimejaa yale ya kwanza. Ya pili tunayo mengi kuliko tunavyodhani, ila yamejificha ndani ya vitenzi.

Tuchukue gari ambalo Afrika Mashariki inalijua vizuri: Datsun 1600 SSS, ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walilishindia mbio za magari za Safari za mwaka 1970. Injini yake, L16, ina silinda nne na ujazo wa cc 1,595, na ilikuwa ikilishwa na kabureta mbili. Tabo ilikuja kutamba kwenye Safari baadaye, Toyota Celica za tabo zilipotwaa ushindi mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Anayetaka leo kuzikutanisha zama hizo mbili chini ya boneti moja atakuta menifoldi ya zamani imeundwa kwa ajili ya kabureta tu. Haina mahali pa kukaa nozeli, haina chemba ya kupokea hewa inayokuja kwa nguvu, na mlango wake haukutazamiwa kupokea bomba la tabo. Ataitoa, ataiweka mezani, na ataanza upya.

Ataanza na nini? Wenye viwanda wenyewe hawakukubaliana juu ya jina. Waingereza walihesabu: neno lao kwa asili lina maana ya kitu cha namna nyingi, na hapa ni kifaa kimoja chenye njia nyingi. Waitaliano na Wafaransa waliangalia makutano, wakasema collettore na collecteur, yaani kikusanyi. Wajerumani walitazama umbo pamoja na tendo, wakaita Ansaugkrümmer, kiwiko cha kufyonzea. Kila mmoja alisimama upande wake wa injini, na kila jina lina kitu lilichokificha.

Kikusanyi, kwa mfano, kinasema kweli upande mmoja tu. Upande wa eksozi, moshi wa silinda nne hukutana kwenye bomba moja. Huo ni mkusanyo. Upande wa hewa mambo ni kinyume kabisa: hewa huingia kwa mlango mmoja, kisha hugawiwa silinda nne. Kwenye L16 menifoldi hizi mbili ziko upande mmoja wa silinda hedi, ya hewa juu na ya eksozi chini, zikibanwa juu ya gasketi moja. Zinagusana, lakini kazi zao zinapeana mgongo. Kiswahili, kwa kusema tu kwamba moja inagawa na nyingine inakusanya, kimeshazitenganisha bila kuunda neno lolote jipya.

Na kitenzi kugawa kinakuja na onyo lake. Kinachogawiwa huweza kugawiwa vibaya. Nozeli nne zikimwaga petroli sawasawa, kisha silinda moja ikapata hewa zaidi ya wenzake, petroli huwa haba ndani ya silinda hiyo. Joto hupanda, mchanganyiko hulipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpangilio, na chini ya tabo pistoni inaweza kutoboka kabla dereva hajashtuka. Hewa ikiingilia mwisho mmoja wa chemba, ina tabia ya kuzipita njia za mwanzo na kujazana mwisho wa safari yake. Kwa hiyo mafundi wengi huipunguza chemba upana kadiri inavyosonga mbali na mlango. Fundi mwenye neno "menifoldi" kichwani huuliza kama mabomba yametosha. Aliye na "kigawa hewa" huuliza kama mgao ni wa haki.

Tabo pia inabadilisha kitenzi cha injini nzima. Injini ya kabureta huvuta: pistoni inashuka, inaacha ombwe, hewa ya nje inaingia kuliziba. Jina la Kijerumani limezaliwa katika ulimwengu huo wa kufyonza. Tabo ikishakolea, injini haivuti tena, inasukumiwa. Tofauti hii unaweza kuigusa kwa kidole. Mpira laini unaovutwa hunywea na kujikunja kwa ndani. Mpira huohuo ukisukumwa huvimba, na kama klipu ni legevu au mdomo wa bomba hauna ukingo wa kuuzuia, huchomoka kwa kishindo. Gasketi inayovuja kwenye injini inayovuta huiba hewa kutoka nje. Kwenye injini inayosukumiwa, huitema ile iliyokwisha kulipiwa.

Ugumu ni kwamba menifoldi moja huishi maisha yote mawili. Gari likiwa kwenye foleni, injini ikiunguruma polepole, ndani ya chemba mna ombwe. Mguu ukikanyaga, tabo ikiamka, ombwe linageuka msukumo. Sasa fikiria sevo ya breki, ambayo hulitegemea ombwe hilohilo ili kumpunguzia dereva nguvu ya kukanyaga. Bomba lake likifungwa kwenye chemba bila valvu ya njia moja, msukumo wa tabo utaingia ndani ya sevo. Fundi anayesema tu "paipu ya menifoldi" anaweza asione tatizo. Anayesema "paipu ya ombwe" hana budi kujiuliza ombwe litakuwa wapi siku tabo inasukuma.

Kwa sehemu ndogondogo, mwili wa binadamu umetuwekea akiba. Mlango wa hewa wenye kilango kinachofungua na kufunga, Waingereza wanauita kwa neno lililotokana na koo. Wafaransa wanakitaja kile kilango chembamba kinachozunguka, nao wanakiita kipepeo. Sioni sababu ya kuchagua: koo ndilo bomba, kipepeo ndicho kilango kilicho ndani yake, na atakayeagizwa kusafisha kimoja hatakigusa kingine kwa makosa. Njia nne zinazotoka kwenye chemba ni mirija. Pale mrija unapoanzia, ndani ya chemba, unapanuliwa na kulainishwa ili hewa isikatwe na kingo kali. Hapo ni mdomo. Mirija mirefu huisaidia injini kuvuta kwa nguvu ikiwa na mzunguko mdogo, mifupi hufaa mzunguko mkubwa, kwa kuwa kila valvu inapojifunga hurudisha wimbi la hewa nyuma, na urefu wa mrija ndio unaoamua wimbi hilo litarejea saa ngapi. Koo, kipepeo, chemba, mrija, mdomo: mwanafunzi wa gereji ataielewa michoro yake siku ya kwanza.

Lakini maneno hupimwa zaidi pale chuma kinapokutana na moto. Ile gasketi moja ya L16 ina mtego. Baadhi ya boliti zinabana menifoldi zote mbili kwa pamoja: washa moja nene inalalia bamba la hewa kwa upande huu na bamba la eksozi kwa upande ule. Ukitengeneza bamba jipya la hewa likawa jembamba kuliko la eksozi hata kwa milimita moja, washa itakaa upande. Upande mnene utabanwa, mwembamba utaachwa. Utakaza hadi boliti ilie, na bado itavuja. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kazi hii ni unene wa kitu ambacho hukitengenezi kabisa, yaani bamba la eksozi la kiwandani.

Menifoldi ya zamani ilisubiwa: alumini iliyoyeyushwa ilimiminwa kwenye kalibu, ikatoka umbo zima kwa mara moja. Ya kwetu itaungwa kipande kwa kipande. Kusubu na kuunga ni kazi mbili zenye hatari mbili, na Kiswahili kinazijua kwa majina. Hata huko kuunga kuna matabaka. Kulehemu ni kuunganisha kwa risasi au madini mengine yanayoyeyuka upesi, huku vipande vyenyewe vikibaki vigumu. Kuchomelea ni kuviyeyusha vipande vyenyewe vishikamane. Anayelehemu penye kustahili kuchomelewa atapata menifoldi itakayopasuka siku ya kwanza ya msukumo.

Alumini nayo ina ukaidi wake. Chuma kikipata moto huiva, kikawa chekundu, na jicho likajua. Alumini haiivi kwa namna hiyo. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za selsiasi, inabaki na rangi ileile, halafu inaporomoka ghafla. Juu yake kuna utando mwembamba wa oksidi usioyeyuka mpaka nyuzi zipite 2,000, na ndiyo maana fundi husugua kwanza kwa brashi ya waya, kisha hutumia umeme wa kwenda na kurudi unaouvunja utando huo, chini ya kivuli cha gesi ya agoni. Bamba nalo hupinda kwa joto. Wenye subira hulifunga kwa boliti juu ya silinda hedi chakavu au bamba zito la chuma, huchomelea kidogo huku na kidogo kule, hulipooza likiwa bado limefungwa, kisha hulipeleka mashineni likachongwe uso upya. Aliyetumia unene wote wa bamba tangu mwanzo hatakuwa na cha kuchongwa.

Kuna mahali ambapo neno tulilo nalo linaleta hasara, nalo ni presha. Kwenye tairi, kwenye damu, kwenye tabo, presha ni presha. Ila saa ya tabo ikisoma 0.5, inahesabu kuanzia hewa iliyotuzunguka, na hewa hiyo hailingani kila mahali. Dar es Salaam, kando ya bahari, hewa yenyewe ina karibu bar 1, hivyo ndani ya chemba mna kama bar 1.5. Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hewa ina zaidi kidogo ya bar 0.8, na nusu ileile ya saa hufanya jumla ya kama 1.3. Kompyuta ya injini kwa kawaida huhesabu jumla. Macho ya dereva yanasoma nyongeza. Mafundi wawili wakipigiana simu, mmoja pwani na mwingine bara, wakatajiana "presha" bila kusema ni ipi, petroli itapangwa vibaya. Presha ya nyongeza na presha kamili: maneno mawili marahisi, na injini imepona.

Na kwa tendo la tabo lenyewe? Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905: moshi unaotoka uzungushe gurudumu, gurudumu liisindike hewa inayoingia. Neno turbo kwa Kilatini lilitaja kitu kinachozunguka, pia ya watoto au kimbunga. Ni jina la sura. Jina la kazi tunalo tangu zamani kwa wahunzi: kuvukuta. Mhunzi huvukuta kwa mifuo ili moto upate hewa kuliko unavyoweza kujitafutia, uunguze makaa mengi zaidi kwa muda uleule. Tabo haifanyi kingine. Wafua chuma wa Buhaya waliingiza mirija ya udongo hadi ndani ya tanuri ili hewa ya mifuo ifike penye moto. Sisi tunaiingiza hadi mlangoni mwa valvu, tena baada ya kuipoza kwanza kwa intakula, kwa maana hewa baridi husongamana. Tabo ibaki tabo dukani. Lakini kitabu cha mafunzo kikisema "injini ya kuvukutwa", msomaji ameshafundishwa nusu ya somo.

Lugha hii imewahi kufanya hivyo bila aibu. Breki, gia, klachi na spana ziliingia kwa mlango wa dukani. Usukani ulitoka jahazini, kwa sababu watu waliona kazi ni ileile ya kukiongoza chombo. Waundaji wa istilahi, kuanzia Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi BAKITA iliyoanzishwa 1967, wamekuwa na milango hiyo miwili daima. Sidai mmoja ufungwe. Nadai tujue nani anaingia kwa upi: kinachonunuliwa kipewe jina la haraka, kinachotengenezwa kipewe jina lenye kitenzi.

Na kama waundaji hao wangetaka pa kuanzia, ningewapeleka kwenye kauli moja inayosikika kila gereji: "injini inagonga." Beringi iliyokwisha hugonga. Valvu iliyolegea hugonga. Petroli inayolipuka ovyo chini ya tabo nayo tunasema inagonga. Ya kwanza inahitaji kufunguliwa injini, ya pili inahitaji spana na nusu saa, ya tatu inahitaji mguu utoke kwenye pedeli sasa hivi. Kitenzi kimoja kinabeba amri tatu, na mwenye gari la tabo hana muda wa kuuliza ni ipi.