Upanga wa Makbeth Ulipokuja Gwata

Ndugu msomaji, usinicheke. Mwaka ule tulipoamua kuigiza Makbeth hapa Gwata, kilichoninyima usingizi hakikuwa maneno ya Shakespeare. Kilikuwa upanga.

Kitabu tulikuwa nacho, tafsiri ya Samuel Mushi iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1968, jalada lake limeshonwa kwa uzi. Wachawi watatu tulikuwa nao, tena wa kuchagua, maana kila msichana wa kikundi alitaka kuwa mchawi. Lakini mwisho wa mchezo Makbeth na Macduff wanapigana mpaka mmoja afe, na watu hawawezi kufa kwa kupigwa mwiko wa ugali. Makbeth nilikuwa mimi.

Huyu Makbeth si wa kutungwa tu. Alikuwa mfalme kweli, alitawala Scotland toka mwaka 1040 hadi 1057. Basi mimi, kijana ninayependa historia kuliko ninavyopenda kulima, nikasema: lazima tupate upanga wa zama zile, wa makali mawili, wenye msalaba kwenye mpini. Tukachangishana vijisenti. Mwenzetu mmoja anayekaa mjini akaleta kitu kinachong'aa kama kioo, kichwa cha simba kwenye mpini. Tukashangilia. Siku ya mazoezi, pigo la tatu tu, chuma kikachomoka, kikapaa juu ya vichwa vya watu na kuchoma ardhi hatua mbili kutoka kwa mtoto aliyekuja kutazama. Nikabaki nimeshika kichwa cha simba.

Nilikusanya vipande nikaenda kwa babu mmoja mhunzi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeua?"

"Hapana, babu."

"Basi una bahati. Keti."

Akachungulia ndani ya mpini. "Msuka wake uko wapi?" Msuka, kwa asiyejua, ni ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, uwe wa jembe, wa kisu au wa upanga. Wa kwangu ulikuwa kijiti chembamba kama spoki ya baiskeli, tena kimechomelewa. "Hili ni pambo la ukutani," babu akasema. "Jembe lenye msuka kama huu hulimi nalo hata tuta moja. Sasa wewe umekwenda kulipigania!"

Kumbe hapo ndipo elimu yangu ilipoanza. Nikaanza kusoma kila nilichopata juu ya panga za Wazungu wa kale, na nikikwama narudi kwa babu. Ajabu ni kwamba vitabu na babu hawakupingana.

Kwanza, uzito. Sisi tuliamini upanga wa shujaa wa Ulaya ulikuwa mzito kama mtaimbo. Uongo mtupu. Upanga wa mkono mmoja wa zama zile ulikuwa na kilo 1 na robo hivi, wakati mwingine hata pungufu. Mtu angepiganaje kutwa nzima na mtaimbo? Mwingereza mmoja, Ewart Oakeshott, aliyefariki mwaka 2002, alitumia maisha yake kuzipanga panga hizo kwa makundi, kwa kuangalia umbo la bapa, mfereji wa katikati, na kile kirungu cha mwisho wa mpini. Kirungu kile si urembo. Kinavuta uzito urudi mkononi, bapa liwe jepesi kuongoza. Babu, ambaye hajamsikia Oakeshott maishani mwake, alinionyesha jambo hilo hilo kwa kulaza upanga juu ya kidole kimoja: mizani ikikaa kiasi cha kiganja kutoka kwenye mpini, mkono hautachoka upesi; ikienda mbali zaidi, umeshika shoka.

Pili, chuma. Kile cha kung'aa kisichoshika kutu ni kizuri kwa kisu cha jikoni, lakini kikiwa kirefu kama upanga, pigo hukivunja. Upanga unataka chuma kinachopinda kidogo na kurudi. Ndiyo maana wahunzi wetu hupenda springi za malori. Zimezaliwa kwa kazi hiyo ya kupinda na kurudi. Babu huipasha moto mpaka iwe nyekundu, huifua, huizamisha ikakaza, kisha huipasha tena kwa moto wa taratibu ili ipunguze ukali wa tabia. "Chuma kilichokaza tu ni kama mtu mwenye hasira," alisema. "Kinavunjika siku ya kwanza."

Tatu, udanganyifu. Nilidhani kuuziwa feki ni balaa la siku hizi. Hata! Kati ya karne ya 9 na ya 11 zilisambaa Ulaya panga zenye jina ULFBERHT lililoandikwa kwenye bapa. Zaidi ya 100 zimepatikana. Wataalamu walipozipima, nyingine zikaonekana ni za chuma safi kabisa, nyingine jina lipo lakini chuma ni hafifu. Kuna mhunzi aliyebandika jina la mwenzake, na kuna kijana wa zama zile aliyetoa mali yake akaamini maandishi. Huyo kijana ni ndugu yangu.

Alama ya mbwa-mwitu anayekimbia, ya mafundi wa Passau na baadaye Solingen huko Ujerumani, nayo ilisafiri mno. Mabapa ya Ulaya yalivuka bahari yakavikwa mipini ya Kiarabu na ya Kiafrika, kutoka Sudan mpaka Oman. Kwa hiyo msomaji, ukiona Mwomani anacheza na upanga wake, anaurusha juu na kuudaka, usishangae bapa lile likiwa limezaliwa Ujerumani. Na huku bara, Richard Burton alipita Uzaramo mwaka 1857, akifuata bonde la Ruvu, mto ambao huko karibu na pwani ukiitwa Kingani. Alikuwa bingwa wa kupigana kwa upanga, na mwaka 1884 alitoa kitabu kizima juu ya silaha hiyo.

Lakini kilichonifungua macho ni bei. Nilidhani upanga ulikuwa wa mabwana wakubwa tu. Kumbe Uingereza ya miaka ya 1340 upanga wa hali ya chini uliweza kupatikana kwa peni 6, na mpiga mishale wa farasi alilipwa peni 6 kwa siku. Mtu wa kawaida hakununua makali mawili yenye dhahabu. Kulikuwa na falshoni, yenye makali upande mmoja na bapa pana kuelekea nchani. Moja ya karne ya 13 imehifadhiwa katika kanisa kuu la Durham. Nilipoona picha yake nilicheka peke yangu. Panga! Panga lenye msalaba kwenye mpini! Na Wajerumani walikuwa na upanga wa raia waliouita messer, maana yake kisu tu, bwana. Sisi nasi tumechukua neno upanga tukalikuza, likawa panga la kufyekea shamba.

Basi nikampa babu kazi: falshoni ya springi ya lori, msuka mpana unaopita mpini mzima na kugongelewa mwishoni, makali yasitiwe kabisa. Akakubali. Hapo nikaona tumemaliza.

Hatukumaliza. Jumapili moja mwenyekiti wa kitongoji akaniita. Maneno yalikuwa yamefika kwa wafugaji kwamba vijana wa wakulima wanafuliwa panga na kufanya mazoezi jioni. We msomaji unaijua hali ya huku kwetu. Ng'ombe huingia shambani, mkulima hukasirika, na kila upande una silaha yake: huku panga, kule sime. Nchi haijasahau Rudewa Mbuyuni kule Kilosa, Desemba 2000, walipouawa watu 38. Mwenyekiti hakupandisha sauti. Aliniuliza tu: "Hiyo damu ya kwenye mchezo wenu, mtajuaje kuizuia isiwe ya kweli?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikakaa siku mbili bila kugusa kitabu.

Siku ya tatu nikaenda kwenye boma la Waparakuyo, mikono mitupu, nikiwa na kitabu tu. Niliwasimulia wazee kisa chote cha Makbeth: mgeni anayeuawa usingizini ndani ya nyumba ya mwenyeji wake. Mzee mmoja akasikitika kabisa. "Mgeni?" akauliza. "Aliyekula kwake?" Kijana mmoja akachomoa sime yake, akaniruhusu niishike. Nyembamba kwenye mpini, inapanuka kuelekea ncha, haina msalaba, ala ya ngozi nyekundu. Uzito wote uko mbele. Nikamweleza habari za mizani na kidole kimoja, akacheka: "Hii haikutengenezwa kwa kucheza." Kisha akachukua fimbo mbili, moja akanipa.

Ndugu yangu, nilichapwa! Lakini nilijifunza. Kitabu cha zamani kuliko vyote vinavyojulikana vya kufundisha upanga Ulaya, cha karibu mwaka 1300, kinamwonyesha padri akimfundisha mwanafunzi hatua kwa hatua, na kurasa za mwisho yumo mwanamke aitwaye Walpurgis. Askari wa Roma nao walianzia kwenye panga za mti. Mimi peke yangu nilitaka kuanzia kwenye chuma.

Tuliigiza Makbeth kwa fimbo. Macduff alikuwa yule kijana wa boma, mwenyekiti alikaa mbele, na wakulima na wafugaji walikaa kwenye mkeka mmoja, ingawa si wote na si kwa raha. Falshoni ya babu niliivaa kiunoni mchezo mzima, haikutoka ndani ya ala hata mara moja. Nilipokufa watu walipiga makofi, na mzee aliyeuliza habari za mgeni akasema kwa sauti: "Imemstahili."

Wewe unayetaka upanga wako wa kwanza, ushauri wangu ni mfupi. Usinunue kinachong'aa. Uliza msuka. Pinda kidogo uone kama kinarudi. Usitie makali. Na kabla ya yote hayo, nenda kamwambie jirani yako unautakia nini.