Nani ana ruhusa ya kuandika? Kutoka faili la hosts hadi antena za Malindi



Kuna swali ninaloulizwa sana na watu wanaoanza kuchokora kompyuta: "Hii kompyuta ni yangu, nimeinunua kwa pesa zangu. Mbona inanikatalia kubadilisha faili lililomo ndani yake?" Mara nyingi faili lenyewe ni hosts, lile linalokaa kwenye folda ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Unalifungua kwa Notepad, unaongeza mstari mmoja, unabofya hifadhi, na kompyuta inakujibu kwamba huna ruhusa.

Jibu la haraka hili hapa. Funga Notepad. Itafute tena kwenye menyu, ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua kuifungua kama msimamizi, kisha fungua faili lako ukiwa ndani ya Notepad hiyo na uhifadhi. Kwa wale wa Linux ni mstari mmoja tu: sudo nano /etc/hosts. Weka neno la siri, hariri, kwisha kazi.

Lakini leo sitaki kuishia hapo. Swali hili lina historia ndefu, na kipande kimoja cha historia hiyo kiko hapa kwetu pwani, Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Nifuateni taratibu, nitafika huko.

Tuanze na chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1966. Kompyuta ilikuwa ya kujaza chumba, na watu wengi waliitumia kwa pamoja kupitia mashine za kuchapa zilizounganishwa nayo kwa waya. Mfumo wake uliitwa CTSS na aliyeuongoza ni Fernando Corbató. Ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza kabisa kumpa kila mtumiaji neno lake la siri. Maneno hayo yote yalikaa katika faili moja, na wasimamizi peke yao ndio walioweza kulihariri. Safi kabisa, sivyo?

Alasiri moja ya Ijumaa, kila aliyeingia kwenye mfumo akashangaa. Badala ya kuchapiwa tangazo la siku kama kawaida, alichapiwa orodha nzima ya watumiaji na maneno yao ya siri! Kumbe programu ya kuhariri maandishi ilikuwa ikitengeneza faili la muda lenye jina lile lile kila mara. Waliobuni programu hiyo walidhani mtu mmoja atakuwa anafanya kazi katika folda yake peke yake. Wasimamizi lakini walikuwa wakitumia folda moja kwa pamoja. Siku hiyo mmoja alikuwa akihariri tangazo, mwingine akihariri maneno ya siri, na mafaili yakabadilishana. Mtumiaji mmoja aliyeliona jambo hilo aliiangusha mashine makusudi ili orodha isiendelee kuenea. Corbató mwenyewe alikisimulia kisa hiki katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing ya mwaka 1990.

Mimi nakipenda kisa hiki kwa sababu hakina mwizi. Hakuna kirusi, hakuna haka, hakuna aliyevunja kufuli. Ulinzi ulifanya kazi yake barabara, na madhara yakatoka kwa watu waliokuwa na ruhusa halali, wakifanya kazi yao ya kila siku. Kwa hiyo ukiona kompyuta inakuuliza mara mbili mbili hata wewe mwenyewe uliye msimamizi, usiitukane.

Miaka mitatu baadaye, 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza Unix katika maabara za Bell. Humo ndimo alimozaliwa yule bwana mkubwa tunayemwita root, mtumiaji mwenye namba 0, ambaye mfumo haumuulizi lolote. Watumiaji wengine wote hupimwa kwa ruhusa tatu: kusoma, kuandika na kuendesha. Jaribu kuandika ls -l /etc/hosts kwenye Linux yoyote utaona kitu kama hiki:

-rw-r--r-- 1 root root

Usiogope, ni rahisi. Ukiacha ile alama ya kwanza, herufi zimepangwa tatu tatu. Tatu za kwanza ni za mwenye faili, ambaye hapa ni root: anasoma na anaandika. Tatu za pili ni za kundi: linasoma tu. Tatu za mwisho ni za watu wengine wote: nao wanasoma tu. Shikeni jedwali hili dogo, tutalirudia tukifika Malindi.

Tatizo lilikuwa kwamba kumpa mtu neno la siri la root ni kumpa kila kitu. Mwaka 1980 hivi, Bob Coggeshall na Cliff Spencer wa chuo kikuu cha Buffalo, jimbo la New York, wakaandika sudo: unaazima mamlaka ya root kwa amri moja, kisha unarudi kuwa mtu wa kawaida. Ni programu ndogo, lakini ukiniuliza mimi, ni moja ya fikra bora kabisa katika fani hii.

Na hosts je? Zamani, mtandao ulipokuwa bado ARPANET, majina yote ya kompyuta zake yaliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT. Lilitunzwa na taasisi ya SRI kule California, katika ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako iwe na jina, unawaomba wao. Kisha kila mtu anakuja kuchukua nakala. Orodha iliporefuka mno, Paul Mockapetris akabuni DNS mwaka 1983. Lile faili la kwenye kompyuta yako ni kumbukumbu ya enzi hizo, na bado lina nguvu: kwa kawaida kompyuta hulisoma kwanza kabla ya kuuliza DNS. Ndiyo maana kirusi cha Mydoom.B cha mwaka 2004 kililichafua makusudi ili kompyuta isifike kwenye tovuti za dawa za virusi. Mlango wa kirusi hicho ulikuwa wazi, maana kwenye Windows XP karibu kila mtu alikuwa msimamizi bila kujijua, kuanzia ofisini mpaka saiba za mtaani. Vista ilipokuja 2007 na lile dirisha lake la kuuliza uliza ruhusa, dunia nzima ililalamika. Mimi nasema ilichelewa.

Haya, sasa tuje kwetu.

Kompyuta ya mezani ukiiharibu hukosi njia. Unaweka CD ya Windows, unafuta, unaanza upya. Je, kompyuta ambayo hakuna mkono wa mtu unaoweza kuifikia? Faili lake la mfumo linahaririwa vipi, na nani anaruhusiwa? Kwa swali hilo pwani ya Kilifi ina la kusema kuliko sehemu nyingi za Afrika.

Ukitoka Malindi kuelekea kaskazini, mwendo wa kilomita kama 30, unafika Ngomeni. Baharini, kwenye ghuba ya Ungwana, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu: San Marco na Santa Rita. Waitalia waliyaleta miaka ya 1960 chini ya Profesa Luigi Broglio, ambaye kituo kizima leo kinaitwa kwa jina lake. Sababu ya kuchagua hapa ni fizikia tupu. Ngomeni iko karibu digrii 3 tu kusini ya ikweta, mahali ambapo dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo wa bure, na mbele yake ni bahari tupu. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout.

Maarufu kuliko zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Aliyesimamia mradi huo NASA ni mhandisi Marjorie Townsend. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Mwanasayansi wake mkuu, Riccardo Giacconi, alikuja kupata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Sasa itazameni Uhuru kwa lile jedwali la ruhusa. Chombo ni cha Wamarekani: wao ndio wenye faili. Waliobonyeza kitufe cha kurusha ni Waitalia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza chombo cha Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine. Hiyo ni ruhusa ya kuendesha, tena iliyoazimwa kwa kazi moja, mtindo wa sudo kabla sudo haijazaliwa. Na Kenya? Kenya ilitoa bahari, ardhi na jina. Kwenye ruhusa tulikuwa katika zile herufi tatu za mwisho, pamoja na "watu wengine wote". Matokeo tuliyasoma baada ya kuchapishwa, kama msomaji wa Tokyo au Lima.

Roketi ya mwisho kutoka Ngomeni iliruka tarehe 25 Machi 1988. Majukwaa yakanyamaza, lakini antena za nchi kavu hazikunyamaza. Novemba 2004 NASA ilirusha Swift, darubini ya kuwinda milipuko ya miale ya gama, na Malindi ikawa kituo chake kikuu cha mawasiliano hapa duniani. Njia yake imelala karibu na ikweta, na ilipoanza kazi ilikuwa ikiizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi. Ikipita juu ya Malindi inaonekana kwa dakika kama kumi tu. Katika dakika hizo data inateremka na amri zinapanda. Amri zenyewe lakini haziandikwi Malindi. Zinaandikwa katika chumba cha uongozi cha chuo kikuu cha Penn State, Pennsylvania. Antena yetu ni waya. Waya mzuri, wa lazima, lakini hauna neno la siri.

Machi 2024 Swift ilipata shida. Moja ya jairoskopu zake tatu, vile vifaa vinavyoiambia imegeukia wapi, ilianza kutoa namba zisizoaminika. Chombo kikajiweka katika hali ya usalama na kazi ya sayansi ikasimama. Kilichohitajika ni kuhariri programu inayokiendesha chombo chenyewe, ili kiweze kujielekeza kwa jairoskopu mbili. Fikiria mwenyewe! Ni kuhariri faili la mfumo kwenye kompyuta inayokwenda kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, na ukikosea huna CD ya kuweka. Kwa desturi ya kazi hii, mabadiliko hujaribiwa kwanza kwenye nakala iliyoko duniani, hupandishwa vipande vipande, kisha kumbukumbu ya chombo husomwa tena na kulinganishwa na kilichotumwa, na hapo ndipo programu mpya huwashwa. Mwanzoni mwa Aprili Swift ilirudi kazini. Tunaofanya kazi na seva na tunaona tabu kuweka nakala ya faili kabla ya kulihariri, tukae hapo tutafakari.

Madai ya Kenya kuhusu kituo hiki nayaona kwa jicho hilo hilo. Kwa miaka mingi watu wa Ngomeni na wabunge wamelalamika kwamba faida haionekani, na magazeti huandika zaidi kuhusu kodi ya ardhi. Kodi ni haki, sipingi. Ila kodi hulipwa hata mwenye nyumba asiye na ufunguo. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia uliotiwa saini Trento mwezi Oktoba 2016 uligusa mambo mengine: data, mafunzo, na msaada kwa shirika la anga la Kenya, ambalo liliundwa mwaka uliofuata, 2017. Kwa lugha ya Linux, tumehamishwa kutoka herufi tatu za mwisho tukaingizwa kwenye kundi. Kusoma tunaweza. Kuandika kunategemea ni Wakenya wangapi wamekaa kwenye viti vya kuandika amri.

Viti hivyo vimeanza kuonekana. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliyojengwa kwa ushirikiano na chuo cha Sapienza cha Roma, ilitolewa angani kutoka kituo cha kimataifa. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyorushwa kwa roketi ya SpaceX kutoka Vandenberg, California. Unaweza kuuliza kwa nini isiondoke Ngomeni ilhali bahari ni yetu. Roketi za Scout zilistaafishwa mwaka 1994, hilo la kwanza. La pili, Taifa-1 ilirushwa kwenye njia ya kupita juu ya ncha za dunia ili iweze kupiga picha za nchi nzima, na kwa safari ya namna hiyo ule msukumo wa bure wa ikweta hausaidii kitu. Kwa hiyo sikuona ajabu kwamba iliondokea California. Nilipoisoma habari ile nilitafuta jambo moja tu: nani atakuwa akiiandikia amri.