Kanombe, mgongo wa kilima uliofuatwa na jiji

Anayeingia Rwanda kwa ndege hukanyaga Kanombe kabla hajaijua. Barabara ya kurukia ndege ya Kigali, yenye urefu wa mita 3,500, imelala juu ya mgongo wa kilima karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kilomita kama 10 mashariki ya katikati ya jiji. Abiria hugongewa pasipoti, hupanda gari kuelekea Remera, na kwa dakika hizo chache za lami na taa huamini kwamba ameshafika mjini. Angegeuza uso kusini au mashariki, angeona migomba, mashamba ya maharagwe na mihogo, matete ya ng'ombe yaliyopandwa kwenye kingo za matuta, na mabonde ya kinamasi yanayoteremka taratibu hadi Nyabarongo, mto unaoitenga Kigali na Bugesera.

Kanombe imeishi na sura hizo mbili kwa miongo mingi, na chanzo chake ni umbo la ardhi. Mjerumani Richard Kandt alipoanzisha kituo chake cha utawala mwaka 1907, alichagua mlima wa Nyarugenge. Wabelgiji waliokuja baadaye waliitawala Rwanda pamoja na Burundi kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, na Kigali ikabaki kijiji cha ofisi na maduka machache. Mwaka 1962 kijiji hicho kikageuka ghafla kuwa makao makuu ya nchi huru, nchi isiyo na bahari wala reli. Ndege haikuwa anasa kwa nchi ya namna hiyo. Ila Nyarugenge ni miteremko mitupu, na ndege kubwa inataka kilomita tatu na zaidi zilizonyooka bila bonde katikati. Mgongo mpana wa Kanombe ulikuwa nazo.

Uwanja ulivuta kambi. Kambi ya jeshi ya Kanombe ikawa maskani ya kikosi cha makomando wa miavuli, na hospitali ya kijeshi iliyo hapo leo ni ya rufaa na ya kufundishia, inayotibu raia pamoja na askari. Kambi nayo ikavuta ikulu. Juvénal Habyarimana, aliyemwondoa Rais Grégoire Kayibanda kwa mapinduzi ya Julai 5, 1973, hakukaa katikati ya mji. Makazi yake yalijengwa Kanombe, karibu na askari wake na chini ya njia ya ndege zinazotua kutoka mashariki. Ni nyumba yenye kanisa dogo la familia ndani na bwawa la kuogelea bustanini. Baada ya vita vilivyoisha mwaka 1994 aliishi humo Rais Pasteur Bizimungu hadi mwaka 2000, na tangu 2018 ni Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda.

Lakini kwa wakati wote huo Kanombe, pamoja na uwanja, kambi na ikulu yake, ilihesabiwa shamba. Mwaka 1990 jiji la Kigali lilipofanywa mkoa unaojitegemea, lilipewa komuni tatu: Nyarugenge, Kacyiru na Kicukiro. Komuni ya Kanombe iliachwa katika mkoa wa Kigali ya vijijini. Mkulima wa kilima jirani cha Masaka aliyeona ndege za Ulaya zikipita juu ya mtama wake alikuwa, kwa karatasi za serikali, mwanakijiji sawa na yule wa Gashora au Rutongo.

Usiku wa Aprili 6, 1994 uliitoa Kanombe katika upole huo. Habyarimana alikuwa akirudi kutoka Dar es Salaam, kwenye kikao cha viongozi wa kanda chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na ndani ya ndege yake aina ya Falcon 50 alikuwamo pia Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Baada ya saa 2 usiku, ikiwa inajiandaa kutua, ndege ilipigwa kwa kombora na kuanguka kwenye eneo la ikulu yenyewe. Watu wote 12 waliokuwamo walikufa. Vipande vyake bado vipo, nje kidogo ya ukuta wa bustani, na mgeni wa makumbusho huonyeshwa.

Tangu hapo vilima hivi vimepimwa na wataalamu kuliko pengine kilima kingine chochote cha Rwanda. Mwaka 2006 Jaji Jean-Louis Bruguière wa Ufaransa alishikilia kwamba makombora yalirushwa kutoka Masaka, ng'ambo ya bonde, na akawalaumu waasi wa RPF. Mwaka 2010 tume ya Rwanda ikasema yalitoka upande wa kambi ya Kanombe. Septemba mwaka huohuo majaji wawili wengine wa Ufaransa, Marc Trévidic na Nathalie Poux, walikuja na wataalamu wao, na baadaye mtaalamu wa sauti akaongezwa. Hoja ya mtaalamu huyo yaeleweka na mwanafunzi wa sekondari. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita huchelewesha mlio karibu sekunde tatu. Kombora lenyewe huenda mbio kuliko mlio wake. Anayesikia kombora likifyatuliwa kabla ya kuona mlipuko angani hawezi kuwa mbali na lilikotoka, na waliosimulia kusikia hivyo, akiwemo daktari wa kijeshi wa Ubelgiji, walikuwa wanaishi kambini Kanombe. Ripoti ya Januari 2012 ikaona kwamba yaelekea zaidi makombora yalirushwa kutoka kambini. Kesi ilifungwa mwaka 2018, na Februari 2022 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa ikathibitisha hivyo. Hakuna aliyehukumiwa kwa kuiangusha ndege ile.

Mimi naona tumezungumza mno kuhusu ndege na kidogo mno kuhusu Kabeza. Kabeza ni makazi ya watu wa kawaida, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kambini. Makomando waliingia humo Aprili 7 na 8, wakaua Watutsi katika nyumba zao. Kamanda wao, Aloys Ntabakuze, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyoketi Arusha. Desemba 2008 alipewa kifungo cha maisha, na mwaka 2012 rufaa ikakipunguza hadi miaka 35. Mauaji ya Kabeza yana mashahidi waliosikilizwa mahakamani. Anayetaka kujua nini kilitokea Kanombe mwaka 1994 aanzie hapo, kisha ndipo aende kwenye vipande vya chuma. RPF waliuteka uwanja na kambi Mei 22.

Baada ya vita watu walimiminika Kigali: wakimbizi wa tangu 1959 na watoto wao kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, pamoja na wanavijiji waliokuwa wamepoteza kila kitu. Mpaka wa zamani haukuweza kuwahimili. Mwaka 2001 Kanombe ikawa moja ya wilaya nane za Jiji la Kigali, wilaya ambayo nusu yake ilikuwa mitaa na nusu mashamba. Haikudumu. Mageuzi ya Januari 2006 yalipunguza wilaya za nchi nzima kutoka 106 hadi 30, Kigali ikabakiwa na tatu, na Kanombe ikashushwa kuwa tarafa, yaani umurenge, ndani ya Wilaya ya Kicukiro. Jirani zake, Nyarugunga na Masaka, ni tarafa nyingine za wilaya hiyohiyo.

Kushushwa huko hakukupunguza watu. Kicukiro ilihesabiwa wakazi 318,564 mwaka 2012. Sensa ya 2022 ikakuta 491,731. Katika tarafa ya Kanombe yenyewe ongezeko hilo linaonekana kwa macho. Kabeza imejaa maduka, madereva wa pikipiki na nyumba za kupanga. Teremka Rubirizi na mambo yanabadilika: hapo kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali na fahali wanaotoa mbegu za kupandikiza ng'ombe nchi nzima. Fahali wa mbegu wa taifa na ndege za abiria wanaishi kama majirani, na hakuna anayeona ajabu.

Busanza imebeba jambo gumu zaidi. Huko zilijengwa nyumba zaidi ya 1,000 za kuwahamishia watu wa Kangondo na Kibiraro, mitaa ya Nyarutarama ambayo Kigali nzima iliiita Bannyahe. Wengi walikataa kwa miaka, wakidai fidia ya fedha badala ya nyumba, na waliobaki walihamishwa mwaka 2022. Nyumba ni za kudumu, zina maji na umeme. Lakini mtu aliyekuwa akitembea kwenda kazini Nyarutarama sasa analipa nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na hesabu hiyo ilipaswa kufanywa kabla ya matofali.

Masaka nako, palipokuwa mtama, pana bandari kavu iliyozinduliwa mwaka 2019 chini ya kampuni ya Dubai. Malori yaliyotoka Dar es Salaam na kuvuka Rusumo hushusha makontena hapo. Mgongo uliovuta ndege sasa unavuta meli pia, kwa njia ya barabara.

Kinachobaki kuamuliwa ni uwanja wenyewe. Jiji limeubana pande zote, na tangu 2017 uwanja mpya unajengwa Bugesera, ambako Qatar Airways ilikubali mwaka 2019 kuchukua asilimia 60 ya mradi. Awamu ya kwanza imekusudiwa abiria milioni 7 kwa mwaka. Ndege za abiria zikihamia huko, mgongo wa Kanombe utakuwa na ardhi tambarare kuliko sehemu yoyote ya Kigali, na wenye mitaji wataitaka. Wanaolima kwenye miteremko ya Rubirizi na Busanza wanastahili kuulizwa mapema, ramani zikiwa bado za penseli, wapi mabonde yataachwa yanywe mvua ya masika na wapi nyumba zitapanda. Kinamasi kikijazwa udongo, maji yake hushukia nyumba za walio chini.